Nani Anamnyonyesha Nasra

Mwezi uliopita tulimzika Saumu. Msiba ulikuwa nyumbani kwake Magomeni, wanawake wamejaa ukumbini mpaka uani, na mimi nilipata nafasi kwenye mkeka karibu na mlango wa chumba alimolazwa. Mwoshaji, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alichungulia nje akasema anataka watoto wa kike wa marehemu waingie wamsaidie. Saumu alizaa binti mmoja tu, Mwanaisha. Mwanaisha akasimama. Kisha akasimama Nasra, mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea mimi. Shangazi mmoja wa upande wa mume, aliyefika asubuhi ile kutoka Mkuranga, akauliza, "Na huyu naye ni nani?" Mwanaisha akamjibu bila kugeuka, "Ni dada yangu. Amenyonya ziwa la mama kabla yangu." Mlango ukafungwa, nikasikia maji yanamiminwa taratibu, na wanawake walionizunguka wakaendelea na nyiradi zao. Mimi nilikuwa nimeshaondoka pale. Nilikuwa nimerudi kwenye chumba chetu cha zamani, mchana, jua la saa saba likiwa nje na humo ndani giza.

Chumba kile kilikuwa upande wa Mchafukoge, hatua chache kutoka sokoni Kariakoo, katika moja ya nyumba za Kiswahili zilizokuwa zimesalia. Maghorofa yalikuwa yameizunguka pande tatu, hivyo jua lilitufikia asubuhi kidogo, halafu basi. Mchana wote tuliishi katika kivuli cha wenzetu. Korido ilipita katikati, vyumba kulia na kushoto, na mwisho wake uani palikuwa na bomba, choo, jiko la kila mtu na mpapai mmoja uliorefuka kupita kiasi ukitafuta mwanga. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuja kukaa na dada Rukia alipokaribia kujifungua, kwa sababu mumewe, shemeji Abasi, alikuwa dereva wa lori la makontena. Akipakia bandarini leo, utamwona tena akisharudi kutoka Zambia. Rukia alijifungua salama hospitalini asubuhi. Mchana akaanza kutoka damu. Nilikuwa nje kwenye benchi na chupa ya uji mkononi nilipoitwa ndani, na uji ule ulikuwa bado wa moto nilipoambiwa kwamba dada amefariki.

Siku zilizofuata pale wodini nilijifunza kumlisha mtoto ambaye si wangu. Muuguzi aliyenifundisha tulimwita Sista Agripina, mwanamke mrefu kutoka Kilimanjaro, asiyecheka ovyo. Alinikataza chupa. "Chupa ina pembe nyingi za kufichia uchafu," aliniambia. "Kikombe unakiona chote. Maji yachemke, si kupata moto, yachemke. Kijiko kimoja kimoja, usizidishe, usipunguze." Ukutani juu yetu palikuwa na picha kubwa ya mama anayenyonyesha, na chini yake maneno ya kuwahimiza akina mama kutowapa watoto kitu kingine. Kopo la maziwa nililitunza kwenye rambo nyeusi chini ya kitanda, kwa sababu kila zamu ya wauguzi iliyoingia ililiona ikasimama. "Mama yake yuko wapi?" Nikajibu. Zamu ikabadilika. "Wewe, hilo kopo la nini? Mama yake yuko wapi?" Nikajibu tena. Siwalaumu. Kazi yao ilikuwa kuhakikisha mtoto hanyimwi ziwa bila sababu, na wengi waliliona kopo kabla ya kuniona mimi. Lakini kuulizwa swali lile lile asubuhi na jioni kulinifanya nianze kulisikia hata pasipokuwa na mtu, na baada ya muda likaacha kusikika kama swali la kazi. Lilisikika kama kweli kuna mahali alipo, na mimi ndiye sijaangalia vizuri.

Tuliporudi nyumbani na Nasra, mkabala na mlango wetu alikuwa akikaa Saumu. Alinizidi miaka michache. Mumewe aliuza nazi sokoni. Wiki chache kabla yetu alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Hafidh, na Hafidh alikuwa amekufa. Kwa hiyo korido ilitenganisha chumba chenye mtoto asiye na mama na chumba chenye mama asiye na mtoto, na milango yote miwili ilikuwa na pazia tu, maana kwa joto lile hakuna aliyefunga mlango mchana. Uani niliwasikia wanawake wakisema maziwa ya Saumu yamekataa kukauka. Walimfunga kifua kwa khanga, wakamwekea majani ya kabichi, hayakusaidia. Kila alfajiri alikwenda na bakuli mpaka kwenye shina la mpapai, akachuchumaa, akayakamua, akayamwaga pale pale. Jua likitoka ungeona weupe umekauka kwenye udongo na sisimizi wamepanga mistari. Hakuwahi kumtazama Nasra. Nikipita naye koridoni, Saumu aligeukia ukuta. Lakini siku moja Nasra alilia tukiwa tumepishana, nikaona kwenye kifua cha dera lake madoa mawili yanatokea, yanatanuka polepole, na yeye amesimama vile vile, uso ukutani, kama mtu anayesubiri aguswe bega.

Sikuwa nalala. Nasra alikuwa akiamka wakati wowote, nami niwashe jiko la mafuta ya taa, nichemshe, nipooze, nikoroge, nimnyweshe tone kwa tone, na nusu yake inashukia shingoni. Kwa hiyo mchana, vyombo vikishaoshwa, usingizi ulinibeba kama maji. Ijumaa moja, mara tu baada ya mfungo kwisha, niliamka mtaa ukiwa umenyamaza. Maduka yalikuwa yameteremsha milango, wanaume wako msikitini, hata mikokoteni haikusikika. Nasra alikuwa macho pembeni yangu. Hakulia. Alikuwa ametulia kama mtoto aliyeshiba, na kwenye mdomo wa chini palikuwa na tone la maziwa. Nililitazama tone lile kwa muda mrefu. Maziwa ya kopo ni mazito, yana rangi ya njano kwa mbali. Lile lilikuwa jepesi, karibu na rangi ya samawati. Kikombe kilikuwa kimefunikwa juu ya kisahani kama nilivyokiacha asubuhi, kikavu. Nilimfuta kwa kidole, nikakitia kidole mdomoni, maziwa yakawa matamu. Dirishani walianza kupita wanaume wakirudi kutoka swala, vichwa na kofia nyeupe tu, na mimi nimekaa kitandani nikiogopa kugeuka nyuma.

Ikawa hivyo siku nyingi. Nikimpa kikombe jioni, Nasra aligeuza uso. Kopo ambalo lilikuwa likiisha kabla sijajipanga sasa lilikaa, kijiko kinazama humo kama kwenye mchanga. Na mtoto akanenepa, akaanza kufanya vikunjo mapajani. Mwenye nyumba wetu, Bi Tatu, alikuwa mjane aliyekuwa na ruhusa ya kuingia chumba chochote na kusema chochote. Siku moja nikiwa bafuni nilimsikia akichambua mchele na mama mmoja wa jirani.

"Ameonekana?" yule jirani aliuliza.

"Hajaonekana. Lakini mtoto anashiba."

"Na huyu binti hajui?"

"Anajua. Ndiyo maana hazungumzi."

Nilipotoka, Bi Tatu aliniita nikae. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea kuchambua bila kuinua macho. "Zuhura, dada yako aliondoka ana maziwa kifuani," alisema. "Mwanamke akiondoka hivyo hapumziki. Anakuja kumnyonyesha mwanawe. Usimfungie mlango, wala usimfuatilie. Akimaliza haja yake ataacha mwenyewe." Leo, nikiwa na mvi na watoto wa kwangu, najua ningemjibu nini. Siku ile nilisema, "Haya, Bi Tatu," nikaingia ndani nikasogea ukutani ili kitandani pabaki nafasi ya mtu wa tatu. Nikatandika hapo khanga ya Rukia, ile aliyokwenda nayo hospitali wakanirudishia. Siku ya pili niliikuta imelowa pembeni. Nikainusa, nikaikunja, nikaiweka chini ya mto. Nilikuwa naogopa, ndiyo. Lakini nilichoogopa zaidi ni kwamba ataacha kuja. Nikaanza kumsemesha kabla sijalala, kwa sauti ya chini. Nikamwambia Nasra amecheka leo. Nikamwambia Abasi amepiga simu kwa Bi Tatu, yuko Tunduma kwenye foleni ya mpaka.

Kilichonitoa katika hali ile ni choo cha mtoto. Nasra alianza kupata choo chepesi, cha njano kama haradali, chenye chembechembe, na mara nyingi kwa siku. Sista alikuwa amenionya juu ya kuharisha, kwamba mtoto wa kopo akiharisha usingoje kesho. Nikamfunga mgongoni, nikaenda mbio kliniki ya hospitali ile ile, nimeshika nepi chafu ndani ya rambo ili waione. Sista Agripina alimpima uzito, akaangalia kadi, akamminya ngozi ya tumbo, akamtazama macho. Kisha akafungua ile nepi. Alikaa nayo mkononi akiitazama.

"Anaharisha, Sista," nilisema.

"Haharishi. Mtoto anayeharisha haongezeki hivi." Akainusa kidogo, akaifunga. "Unampa maziwa gani?"

"Ya kopo. Yale yale."

"Hiki si choo cha kopo. Hiki ni choo cha mtoto anayenyonya." Akainuka akasogeza pazia la chumba, akarudi kukaa karibu yangu, magoti yetu yanagusana. "Sikugombezi. Nani anamnyonyesha?"

Nikamwambia. Nilimweleza yote, tone, khanga, maneno ya Bi Tatu, nikitegemea atacheka au ataniita mshamba. Hakufanya hivyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akashika mkono wangu. "Marehemu hanyonyeshi, Zuhura," alisema. "Kuna mwanamke mzima, ana damu mwilini, anaingia kwenu. Na kama ana virusi vya UKIMWI, mtoto anavinyonya. Nenda nyumbani ukamjue ni nani. Ukishamjua, usimpigie kelele. Mlete hapa." Nilirudi kwa miguu kupitia katikati ya soko. Watu wa Kariakoo walikuwa wakipigana vikumbo na mizigo yao kama kawaida, na mimi nilikuwa nikimtazama kila mwanamke aliyenitazama. Kwa namna fulani habari ya Sista ilikuwa mbaya kuliko ya Bi Tatu. Marehemu dada yangu nilikuwa nimeshamzoea.

Kesho yake mchana nilijilaza, nikageukia ukuta, nikapumua kama mtu aliyelala. Nasra alikuwa nyuma ya mgongo wangu. Nyumba ikatulia, mmoja mmoja wanawake wakaacha kusema uani, bomba likafungwa. Nilisikia pete za pazia zikisogea. Hazikusogea kwa wizi, zilisogea kama za mtu anayeingia kwake. Godoro likabonyea. Nasra akatoa ile sauti ndogo ya puani wanayoitoa watoto wakinusa kilicho chao, kisha nikasikia anameza, anameza, anapumua, anameza. Nilikuwa nimelisikia jambo hilo usingizini siku zote, nikadhani ni ndoto ya maji. Nikageuka. Khanga ya mwanamke ilikuwa imefunika kichwa, na kwenye giza lile, naapa, mabega yalikuwa ya Rukia. Kisha akainama kumwangalia mtoto nikauona uso.

"Dada Saumu," nilisema.

Hakushtuka. "Lala," alisema. "Akimaliza nitamweka."

Nikainuka nikakaa. Tulikaa hivyo, yeye ukingoni mwa kitanda, mimi ukutani, mpaka Nasra akaachia mwenyewe. Saumu alimweka begani, akamgongagonga mgongo. Alikuwa amekonda uso.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza.

"Ningekuambia nini? Mara ya kwanza alilia, na wewe ulikuwa umelala kama uliyekufa. Nilikuja kukuamsha. Nikajikuta nimeshakaa." Akamhamishia mtoto bega la pili. "Siku nyingine sikumbuki kuvuka korido, Zuhura. Naanika nguo, nashtuka niko hapa na ananyonya." Kisha akaniambia habari ambayo wanawake wa uani hawakuwa nayo, au walikuwa nayo wakaificha. Hafidh alipozaliwa, mama mkwe wake alisema maziwa yale ya mwanzo, ya njano, ni machafu, ayakamue ayamwage, mtoto apewe ya kopo mpaka mazuri yaje. Kopo likapatikana, maji yakatoka bombani, maziwa yakakorogwa. Mtoto akaanza kuharisha na kutapika, wakamfikisha hospitali amekauka kama karatasi. "Hapa kila ukikoroga, kijiko chako kinagonga kikombe, mimi kule chumbani naziba masikio," alisema. "Najua wewe unachemsha. Nakuona. Lakini mwili haujui."

Nilimweleza maneno ya Sista. Nilipotaja kupima damu alimkumbatia Nasra kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. "Wakinikuta nao?" aliuliza. "Nitakuwa nimemuua na huyu." Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mtu mzima alikuwa akinitazama nimwambie maisha yake yatakuwaje. Nikasema tutakwenda wote, na nikisema hivyo nilimchukua Nasra mikononi mwake, kwa upole, na usiku ule na siku iliyofuata nilimpa kikombe tu. Alilia mpaka sauti ikakauka. Upande wa pili wa korido Saumu hakutoka, ila nilisikia mtu akitembea kutoka ukuta hadi ukuta.

Benchi la kliniki lilikuwa refu na limejaa wajawazito. Sista alimhoji Saumu taratibu, kama anayepiga naye soga. Alianza lini? Mfungo ulipokwisha. Kila siku? "Kila siku, isipokuwa Ijumaa," Saumu alijibu. "Ijumaa naenda kwa mama yangu Magomeni. Naondoka asubuhi, narudi alasiri imeshapita. Sijawahi kukosa hata moja tangu mwanangu afe." Sista akaitikia kwa kichwa, akauliza jambo jingine. Mimi nilikuwa nikitazama mikono yangu. Nimejiambia mara nyingi kwamba nilichanganya siku, kwamba uchovu unafanya mtu achanganye. Lakini nazikumbuka zile kofia nyeupe za swala ya Ijumaa zikipita dirishani. Sikumwambia Sista, wala Saumu, na Nasra namwambia kwa mara ya kwanza kwa kuandika hapa.

Damu ikachukuliwa. Tukasubiri. Saumu alikuwa akifungua fundo la khanga na kulifunga tena. Sista alipotutokea mlangoni uso wake ulikuwa ule ule wa siku zote, haukutoa habari. Tulipokaa ndani akamwambia, "Huna. Utarudi tupime tena, na mumeo naye aje. Lakini leo huna." Saumu aliinama akaweka paji la uso juu ya meza. Sista akasubiri mpaka alipoinuka, ndipo akaniuliza baba wa mtoto anasemaje. Tulimpigia simu Abasi nje ya kliniki, karibu na muuza madafu. Alikuwa njiani Mbeya, sauti inakatika. Nilimweleza, nikirudia kila ilipokatika. "Kwa hiyo atakuwa mama yake," alisema mwishoni. Nikamwambia ndiyo, kwa dini yetu atakuwa mama yake. "Basi mwambie namshukuru," akasema, na nikasikia analia.

Kuanzia siku hiyo Saumu alinyonyesha mchana kweupe, kwenye kibaraza cha uani, watu wakimwona. Bi Tatu hakukubali wala hakukataa. "Kumbe," alisema, akaenda zake. Mimi nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, ila kulikuwa na saa ambazo Nasra akinisikia mimi analia, akimsikia Saumu anatulia, na wakati huo nilijiona kama mtu wa kubeba tu. Kopo sikulitupa, nalo sikulichukia. Ndilo lililomvusha wiki za mwanzo, na usiku niliendelea kuchemsha maji na kukoroga, nikikisogeza kijiko polepole kisiguse ukingo wa kikombe. Saumu alipona taratibu. Udongo wa mpapai ukarudi kuwa udongo. Siku moja nilimsikia akiimba jina la Hafidh na la Nasra kwa pamoja, katika wimbo mmoja wa kubembeleza alioutunga mwenyewe, na sikuogopa.

Mwaka ulipokaribia kwisha Saumu alipata mimba nyingine, ndiyo hiyo ya Mwanaisha, na mumewe akapata nyumba Magomeni. Wanawake wa uani wakasema mjamzito hanyonyeshi, na kwamba ni heri Nasra aachishwe kabla hawajahama. Wakati huo alikuwa anakula uji na ndizi za kupondwa, ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Bi Tatu alileta shubiri. Saumu akajipaka uchungu ule kwenye chuchu, akakaa pale kibarazani. Nasra akamjia kwa kutambaa, akapanda, akashika ziwa kwa mikono miwili kama ilivyokuwa kawaida yake. Akavuta mara moja, akaachia. Uso ulikunjamana wote. Akamtazama Saumu, akanitazama mimi, akamtazama Bi Tatu, kama anayetaka kujua ni nani kati yetu aliyemfanyia vile. Kisha akarudi. Akanyonya huku machozi yanamtoka, anatikisa kichwa, anameza, hakuachia, mpaka shubiri yote ikaisha na maziwa yakaja.

"Mtoe, Zuhura," Saumu alisema, ameangalia pembeni.

Nilinyoosha mikono, nikairudisha. "Mwache ashibe," nilisema.

Bi Tatu akavuta kigoda akaketi. Tukakaa hapo sote watatu, tukimsikiliza anavyomeza.